Kwa nini tunaziona galaksi zilizo mbali kuliko umri wa ulimwengu

Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8. Hakuna kinachoipita nuru kwa mwendo: kilomita karibu 300,000 kwa sekunde. Mtu aliyeshika vizuri hesabu za shule ya msingi, zile za mwendo mara muda, atakuambia papo hapo kwamba kitu cha mbali kabisa tunachoweza kukiona hakiwezi kuzidi miakanuru bilioni 13.8, yaani umbali ambao nuru huumaliza kwa miaka hiyo. Halafu anafungua simu, anakuta imeandikwa kwamba ulimwengu unaoonekana unafika miakanuru bilioni 46 kila upande. Hapo ubishi wa kijiweni huanza, na kusema kweli mwenye hesabu za shule ya msingi ndiye anayekuwa na hoja nzito zaidi, mpaka atokee wa kumwonyesha kilichojificha ndani ya hesabu yake.

Hesabu yenyewe haina kosa. Ina sharti moja ambalo darasani hakuna aliyelitaja kwa sababu halikuhitajika: umbali lazima ubaki uleule tangu safari inaanza mpaka inaisha. Moshi hadi Arusha ni kilomita 80 hivi. Ukiondoka stendi ni 80, ukifika bado ni 80, hata gari likiharibika njiani na ukalala Usa River. Kati ya galaksi za mbali, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili tulimo, sharti hilo halipo. Umbali unakua wakati nuru iko njiani.

Kwa hiyo swali la "galaksi ile iko mbali kiasi gani" lina majibu matatu. Upo umbali wa siku nuru ilipoondoka. Upo muda ambao nuru imekaa njiani. Na upo umbali wa leo, nuru inapotufikia. Yote ni sahihi, na kwa galaksi za mbali yanapishana vibaya mno. Habari nyingi huchukua jibu la pili, huligeuza kuwa umbali, kisha aya mbili mbele hutumia la tatu bila kumwambia msomaji kwamba mizani imebadilishwa. Mkanganyiko karibu wote unatoka hapo.

Galaksi za jirani

Kwa galaksi zilizo karibu majibu hayo matatu ni kama jibu moja, na baadhi yake unaziona kwa macho matupu ukiwa mkoani Kilimanjaro au Arusha. Tuna bahati ya mahali tulipo. Tuko nyuzi 3 na kitu tu kusini mwa Ikweta, kwa hiyo anga la kaskazini na la kusini yote mawili tunayapata. Mtu wa London halioni kabisa Wingu Kubwa la Magellan akiwa kwao.

Jaribu mwanzoni mwa Januari, mvua za vuli zikishakatika na mwezi haupo, saa 3 usiku. Usikae katikati ya mji; taa zinaharibu kila kitu. Wa Moshi ateremke upande wa mashamba ya miwa ya TPC, wa Arusha apite Kisongo. Ukitazama kaskazini, ukiegemea magharibi kidogo, juu sana kuliko kilele cha Kibo, kuna kidoa hafifu kilichorefuka. Usikikodolee macho moja kwa moja. Tazama pembeni yake kidogo ndipo kinajitokeza. Hiyo ni galaksi ya Andromeda. Geuka kusini, kwenye anga la chini kuelekea mashariki, utaona kama kipande cha wingu jeupe kisichosogea. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo inayoambatana na yetu ya Njia Nyeupe.

Nuru ya Wingu la Magellan imesafiri miaka kama 160,000. Ya Andromeda imesafiri miaka kama milioni 2.5. Wale walioacha nyayo zao kwenye majivu ya Laetoli, miaka milioni 3.6 iliyopita, walikuwa wameshapita zamani nuru hiyo ilipoanza safari, na yule Zinjanthropus ambaye Mary Leakey aliliona fuvu lake Olduvai mwaka 1959 alikuwa bado hajazaliwa.

Andromeda haitukimbii. Inatukaribia, kwa kasi ya kilomita kama 110 kwa sekunde. Watu wakisikia kwamba ulimwengu unatanuka hudhani kila kitu kinatanuka: galaksi, Jua na sayari zake, chumba, kitanda. Sivyo. Pale ambapo mvutano wa graviti umeshavishika vitu pamoja, kutanuka hakupati nafasi. Galaksi yetu, Andromeda na wenzao kadhaa wadogo ni kundi moja lililoshikana. Kama kile kiwango cha kutanuka kingefanya kazi hata kwenye barabara ya Moshi na Arusha, kingeirefusha kwa chini ya mikroni 6 kwa mwaka (mikroni 1,000 ndiyo milimita moja), ambayo ni sehemu ndogo ya unene wa unywele. Na hata hizo hazipo, maana miamba imeshikana kwa nguvu zinazozidi jambo hilo kwa mbali sana. Kutanuka kunaanza kuonekana kati ya makundi makubwa ya galaksi, kwenye umbali wa makumi ya mamilioni ya miakanuru na kuendelea.

Jinsi walivyogundua

Kuanzia mwaka 1912, Vesto Slipher wa kituo cha Lowell, Arizona, alikuwa anapasua nuru ya galaksi kuwa rangi zake na kuzipima. Nyingi alizikuta nuru yake imesogea upande wa wekundu, dalili ya kwamba zinakwenda mbali. Mwaka huohuo Henrietta Leavitt wa Harvard alichapisha ugunduzi ambao bila huo pengine tusingejua lolote: kuna nyota zinazong'aa na kufifia kwa zamu, na zile zinazochukua muda mrefu kwenye zamu moja ndizo zenye nguvu zaidi ya kung'aa. Ukihesabu siku za zamu unajua nguvu yake. Ukijua nguvu yake na ukaona inavyong'aa kwako, unapata umbali. Edwin Hubble akatumia njia hiyo kwenye darubini ya Mount Wilson, California, na mwaka 1929 akaonyesha kwamba galaksi ikiwa mbali mara mbili, inatukimbia kwa kasi mara mbili.

Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, alikuwa ameshaandika jambo hilo miaka miwili nyuma, 1927, akilitoa kwenye milinganyo ya Einstein; na Alexander Friedmann wa Urusi alikuwa ameshaonyesha mwaka 1922 kwamba milinganyo hiyo inaruhusu ulimwengu unaotanuka. Mwaka 2018 Umoja wa Kimataifa wa Wanajimu ulipiga kura na kupendekeza sheria hiyo iitwe ya Hubble na Lemaître. Ilichelewa, lakini ni haki yake.

Namba ya Hubble ya kiwango cha kutanuka ilikuwa mbovu, tena mbovu sana, karibu mara saba ya tunayoijua leo. Ukiichukua jinsi ilivyo, ulimwengu unakuwa na umri wa miaka bilioni 2 hivi, mdogo kuliko miamba ya dunia yenyewe. Vipimo vya umbali vilirekebishwa kwa miongo mingi hadi tulipofika. Leo tunasema hivi: kila miakanuru milioni 1 ya umbali inaongeza kasi ya kukimbia kwa kilomita kama 21 au 22 kwa sekunde.

Mpira wa tyubu na sisimizi

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tafuta mpira wa tyubu, ule unaokatwa mwembamba wa kufungia mzigo nyuma ya pikipiki. Mbuyuni sokoni hukosi. Uchore alama kila baada ya sentimita moja. Tumia chaki, maana kalamu haionekani kwenye mpira mweusi. Shika ncha moja, mwenzako ashike nyingine, vuteni mpaka urefu uwe mara mbili. Alama iliyokuwa sentimita 1 kutoka kidoleni kwako sasa iko 2. Iliyokuwa 10 sasa iko 20. Kwa muda uleule wa kuvuta, ya kwanza imesogea sentimita 1 na ya pili imesogea 10. Hiyo ndiyo sheria ya Hubble na Lemaître, imekamilika. Hakuna alama iliyotembea juu ya mpira. Kila moja imebaki palepale ilipochorwa. Na ukichagua alama nyingine yoyote kuwa yako utaona jambo lilelile, kwa hiyo hakuna iliyo katikati ya mambo.

Mpira una ncha na una watu wanaouvuta. Ulimwengu, kwa kadiri tunavyoujua, hauna ncha na hauna wa kuuvuta kutoka nje. Ukilikumbuka hilo mfano hautakupoteza.

Zidisha sasa. Kama kila miakanuru milioni 1 inaongeza kilomita 21 na nusu hivi kwa sekunde, basi ukifika miakanuru bilioni 14 unapata kilomita 300,000 kwa sekunde, kasi ya nuru. Zilizo mbali zaidi ya hapo zinatukimbia kwa kasi kuliko nuru. Wengi hushtuka hapa na kuuliza kama Einstein hajapinduliwa. Hajapinduliwa. Sheria yake ya mwaka 1905 inahusu vitu vinavyopitana mahali pamoja: hakuna kitakachoishinda nuru iliyo ubavuni mwake. Galaksi hizo hazishindani na nuru yoyote iliyo jirani yake. Zimetulia mahali pake, kama zile alama za chaki. Kinachokua ni nafasi iliyo kati yetu na zenyewe, na nadharia ya mwaka 1915, ya Einstein huyohuyo, haijaiwekea nafasi kikomo cha kasi ya kutanuka.

Bado swali gumu lipo. Kama galaksi inatukimbia kuliko nuru, nuru yake imetufikiaje?

Mweke sisimizi kwenye mpira. Atembee kuja kwako kwa mwendo wake uleule, asiongeze asipunguze, huku mpira unavutwa. Kama mpira ulio kati yake na wewe unarefuka kwa kasi kuliko anavyotembea, atakuwa anakazana kuja huku anazidi kuwa mbali nawe. Lakini kila hatua anayopiga inamweka kwenye alama iliyo karibu zaidi na kidole chako, na alama za karibu hukimbia polepole kuliko za mbali. Kama anayevuta hazidishi kasi sana, itafika mahali sisimizi anakanyaga alama inayokimbia kwa mwendo sawasawa na wake. Hapo kwa kitambo atakuwa kama amesimama. Hatua inayofuata, anaanza kusogea kwako kwelikweli.

Nuru ya galaksi iitwayo MoM-z14 ilipitia hayohayo. Ilitangazwa mwaka 2025 kwa vipimo vya darubini ya James Webb, na ni miongoni mwa galaksi za mbali kabisa zilizopata kupimwa. Nuru yake iliondoka ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 280 tu. Wakati huo galaksi ilikuwa miakanuru bilioni 2.2 kutoka mahali ambapo galaksi yetu ingekuja kuwa, na ilikuwa inatukimbia kwa kasi kama mara tano ya nuru. Nuru ikaanza safari ya kuja na papo hapo ikawa inachukuliwa nyuma. Ikazidi kwenda mbali, bilioni 3, bilioni 4, mpaka ikafika miakanuru karibu bilioni 5.8. Ulimwengu ulikuwa na miaka bilioni 4 hivi. Hapo ndipo ilipogeuka. Kutoka hapo ikawa inasogea kweli, na imefika kwetu juzi. Galaksi iliyoitoa leo iko miakanuru kama bilioni 34.

Kwa hiyo majibu matatu ya MoM-z14 ni haya: bilioni 2.2 wakati nuru inaondoka, miaka bilioni 13.5 njiani, bilioni 34 sasa. Ukiulizwa ni lipi la kweli, muulize anayeuliza anataka kujua nini.

Niliyaeleza hayo mbele ya kijana wa bodaboda, ambaye mpira tuliokuwa tunauvuta ulikuwa wake. Akautazama, akacheka.

"Ticha, kwa hiyo huyo sisimizi anatembea mbele huku anarudi nyuma?"

"Ndiyo hivyo."

"Miaka yote hiyo, na hachoki?"

"Hachoki. Ila anarefuka."

Ukubwa unaodanganya

Kabla ya habari ya kurefuka, kuna kituko kimoja kinachotokana na safari hiyo, nami nakipenda kuliko vyote. Tumezoea kwamba kitu kikiwa mbali kinaonekana kidogo. Kwa galaksi ni kweli mpaka kiwango fulani, kisha mambo yanageuka: ukizidi kwenda mbali, galaksi za ukubwa uleule zinaanza kuonekana kubwa zaidi. Sababu ni kwamba ukubwa tunaouona ni wa siku nuru ilipoondoka. Ile iliyotoa nuru yake ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 4 ilikuwa miakanuru bilioni 5.8 kutoka hapa. MoM-z14, ambayo ni ya zamani zaidi, ilikuwa bilioni 2.2 tu. Ya zamani ilikuwa karibu zaidi, basi inachukua nafasi kubwa zaidi angani kuliko ambavyo ungetarajia. Inabaki kuwa kidoa kidogo sana hata hivyo, kwa sababu galaksi za mwanzo zilikuwa ndogo kwelikweli.

Mipaka ya kuona

Nuru ni mawimbi, na mawimbi yakisafiri kwenye nafasi inayotanuka nayo yanarefuka. Ya MoM-z14 yamerefuka zaidi ya mara 15. Galaksi changa humwaga nuru nyingi ya urujuanimno, yenye wimbi fupi kuliko ile tunayoiona kwa macho, na gesi ya hidrojeni iliyotanda kati ya galaksi za enzi hizo ilimeza karibu yote yenye wimbi fupi kuliko mikroni 0.12. Zidisha hiyo mara 15 na ushee, unapata mikroni 1.88 hivi. Yaani galaksi hiyo haina chochote cha kutuonyesha chini ya mikroni 1.88, ambako jicho la binadamu halifiki hata kwa ndoto. Darubini ya Hubble, kwa sifa zake zote, inaishia mikroni 1.7. Ingeelekezwa pale mwezi mzima isingeona kitu. Ndiyo maana James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021 na kioo chake cha mita 6.5, ilitengenezwa kwa ajili ya infraredi, nuru yenye wimbi refu kuliko ile tunayoiona kwa macho, ikawekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani nyuma ya kinga ya jua, na vifaa vyake vikaachwa vipoe kupita nyuzi 220 chini ya sifuri. Chenye joto hutoa infraredi. Darubini yenye joto ingejimulika yenyewe.

Kuna kufifia pia, na huku ni katili kuliko watu wanavyodhani. Nuru ikirefuka inapoteza nguvu, chembe zake zinafika kwa kuchelewana, na ile kidogo inayofika imetandazwa kwenye eneo kubwa kutokana na kituko nilichokieleza. Ukiviweka pamoja, mng'ao wa kila kipande cha galaksi unapungua kwa kipeo cha nne cha urefukaji. Kwa MoM-z14 ni kama mara 57,000. Galaksi ya kawaida kama yetu, yenye mng'ao mpole, ingepotea kabisa kwenye giza. Tunazoziona huko ni zile kali kupita kiasi, na mtu akisema "galaksi za mwanzo zilikuwa hivi na hivi" akumbuke kwamba tumeona za mbele ya foleni tu.

Ukivuka hapo kurudi nyuma zaidi, unafika mahali ambapo hata darubini kubwa mara kumi haitasaidia, kwa kuwa nyota zilikuwa bado hazijawaka. Kilichokuwepo ni hidrojeni baridi gizani. Hata hiyo ina kasauti kake: hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 21, masafa ya megahezi 1,420. Yale ya enzi ya MoM-z14 yamevutwa mpaka yanatua kwenye megahezi 92 hivi. Chukua redio yoyote ya hapa mjini uzungushe mshale: 92 iko ndani ya FM. Habari za alfajiri ya ulimwengu zinapita palepale penye muziki na matangazo ya biashara, na ni dhaifu kuliko muziki huo kwa kiasi ambacho akili inagoma kukipima. Kwa hiyo wanaozitafuta wamekwenda kujenga antena zao nyikani, mbali na vituo vya FM. Mtambo mmoja, HERA, uko Karoo huko Afrika Kusini. Mwingine mkubwa, wa mradi wa kimataifa uitwao SKA, unajengwa magharibi mwa Australia.

Rudi nyuma tena, mpaka ulimwengu ukiwa na miaka 380,000. Kabla ya hapo gesi yote ilikuwa moto kiasi kwamba elektroni zilikuwa huru, na elektroni huru haziachi nuru ipite. Gesi ilipopoa hadi nyuzi kama 3,000, elektroni zikashikwa na viini vya atomu, nuru ikaachiwa. Nuru hiyo imerefuka mara 1,100 na sasa ni mawimbi mafupi ya redio ya baridi kali, nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi (baridi isiyoweza kuzidi), yanayotujia kutoka kila upande. Arno Penzias na Robert Wilson waliyakuta mwaka 1964 huko New Jersey wakiwa na antena yenye mvumo usiokatika. Waliitafuta hitilafu mpaka wakafagia kinyesi cha njiwa. Mvumo ulibaki, na mwaka 1978 ukawapa tuzo ya Nobel. Gesi iliyotoa mawimbi hayo ilikuwa miakanuru milioni 42 tu kutoka hapa. Leo mahali hapo, ambapo bila shaka pana galaksi zake, pako karibu na miakanuru bilioni 46. Namba iliyowasumbua wa kijiweni imetoka hapo. Kwa nuru, huo ndio mwisho wa kurudi nyuma.

Mwisho huo si ukuta. Aliyeko huko bilioni 46 naye ana bilioni 46 zake kila upande, na kwake sisi ndio tuko ukingoni.

Mpaka wa mwisho ni wa habari za kesho. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanajimu waliokuwa wanapima milipuko ya nyota za mbali yaligundua kwamba kutanuka hakupungui kasi kama kila mtu alivyodhani, bali kunaongezeka. Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess walipewa Nobel ya mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Kinachosukuma kimepewa jina la nishati ya giza, jina ambalo kwa sasa linaficha mengi kuliko linavyoeleza. Matokeo yake kwa sisimizi wetu ni mabaya: anayevuta mpira anazidisha kasi, na sisimizi anayeanza safari leo kutoka mbali mno hafiki kamwe. Mpaka wenyewe uko kwenye miakanuru bilioni 16 au 17. Galaksi iliyo ng'ambo yake tunaweza kuwa tunaiona vizuri tu, lakini kwa nuru ya zamani. Nuru inayoitoa usiku wa leo haitafika hapa hata tukisubiri milele. Na galaksi za namna hiyo ndizo nyingi: zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za ulimwengu unaoonekana ziko ng'ambo ya mpaka huo. MoM-z14 ni mojawapo. Hatutaiona inakua ikawa mtu mzima. Tutaiona inazidi kuwa nyekundu, inazidi kwenda taratibu, mpaka mawimbi yake yawe marefu kupita uwezo wa chombo chochote. Baada ya miaka zaidi ya bilioni 100, mwanajimu wa kundi letu hatakuwa na galaksi ya nje ya kundi hilo ya kuipima, na kama hana vitabu vya zamani atahitimisha kwa ushahidi mzuri kabisa kwamba ulimwengu haukimbii popote.

Hesabu za mpaka huo zinasimama juu ya dhana moja, kwamba nishati ya giza haibadiliki, na dhana hiyo ndiyo sasa inabanwa. Kwanza kuna mgogoro wa kiwango chenyewe cha kutanuka: wanaokipima kwa mawimbi ya Penzias na Wilson hupata karibu 67, wanaokipima kwa nyota za Leavitt na milipuko ya nyota hupata karibu 73, kwa kipimo cha kilomita kwa sekunde kwa kila miakanuru milioni 3.26. Pande zote mbili zimehakiki kazi yake miaka mingi na hakuna aliyekubali kushuka. Kisha mwaka 2024 na tena 2025, mradi wa DESI wa Arizona, uliopima mamilioni ya galaksi, ulitoa dalili kwamba nishati ya giza huenda imekuwa ikipungua nguvu katika miaka bilioni kadhaa iliyopita. Ni dalili, bado si uthibitisho. Darubini ya Euclid, iliyorushwa Julai 2023, na ile ya Vera Rubin huko Chile zitalipima jambo hilohilo kwa njia nyingine. Ikithibitika kwamba inapungua, ile bilioni 16 itabidi ihesabiwe upya, na baadhi ya galaksi tulizokwishazikatia tamaa, habari zao za usiku wa leo huenda zikafika.